Tulivyofeli Mtihani wa Agosti

Watu wanaojaza uwanja kila Jumamosi hawaji kututazama sisi. Wanautazama mpira, ule wa Kimarekani wa kushikwa mikononi, na sisi mpira hatuna habari nao. Mimi angalau niliugusa, kwa sababu nilikuwa mtoa mpira, yule anayeinama katikati ya mstari na kuupitisha nyuma kati ya miguu yake. Lakini ukishanitoka mkononi ulikuwa mali ya wengine, wale wembamba wenye picha magazetini. Kazi yetu sisi watu watano wa mstari ni moja tu: kusimama kati ya mrusha mpira wetu na majitu ya upande wa pili yanayotaka kumvunja mbavu. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama umezaliwa. Ukikosea, mwamuzi anataja namba yako kwenye kipaza sauti na watu elfu thelathini wanamtukana mama yako.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne katika Chuo cha Calder, Mississippi, na silalamiki. Magoti yangu yanalalamika kwa niaba yangu. Ninachotaka kusimulia ni habari za mtu aliyesimama kushoto kwangu, Jubal Stokes, maana niliitwa mbele ya watu nikaulizwa juu yake, na jibu nililotoa nimekaa nalo mpaka leo.

Jubal alikuja siku ya kwanza ya Agosti, mimi nikiwa mwaka wa tatu. Alitoka huko kwenye mabwawa ya kambare, ambako mama yake, Bi Verna, alikuwa akipasua samaki kiwandani tangu kijana huyu hajazaliwa. Alikuwa na miaka kumi na minane na uzito wa gunia la mahindi na nusu, na alikuwa na mdomo. Mungu wangu, mdomo ule. Aliongea akila, aliongea akikimbia, na siku moja nilimsikia akiongea huku anatapika kando ya uwanja kwa sababu ya joto, anamweleza mwenzake kilichokuwa kikitoka na alikila wapi. Alimwiga mchungaji wao akitangaza matangazo ya kanisa, majina yote ya wagonjwa na wafiwa, bila karatasi, ya Jumapili moja baada ya nyingine.

Kwetu kila mgeni wa mstari anakabidhiwa mtu mzima. Kocha Haskell, kocha wetu wa mstari, alikuwa mzee mwenye shingo nyekundu na hakupenda maneno mengi. Alimsukuma Jubal mbele yangu kama anayenikabidhi ng'ombe.

"Tolliver, huyu ni wako. Akichelewa, unakimbia wewe. Akikosea, unakimbia wewe."

"Na akiongea, Kocha?"

"Akiongea mzibe mdomo. Sijui utatumia nini, huo mdomo ni mkubwa."

Jubal akacheka kuliko wote. Akanigeukia. "Kaka Ennis, mimi si mzigo. Mimi ni redio tu. Ukichoka unazima."

Tukaishi chumba kimoja. Nilimfundisha jinsi ya kuweka mkono chini, jinsi ya kusukuma kwa nyonga badala ya mabega, jinsi ya kula mayai sita asubuhi hata kama hutaki, kwa sababu mtu wa mstari akipungua uzito anakalishwa benchi. Vyote hivyo nilifundishwa na aliyenitangulia. Na siku ya tatu, tukiwa kwenye chai ya asubuhi, nilimfundisha na jambo lingine la huyo aliyenitangulia.

Siku hiyo timu nzima ilikuwa inakwenda kufanya mtihani wa kompyuta. Si wa masomo. Ni wa kupima kichwa: maneno kumi na mawili yanapita kwenye kioo, baadaye unaulizwa uliyaona yapi, maumbo, rangi, namba za kusoma kinyumenyume. Matokeo yanawekwa. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unaufanya tena, na wanalinganisha. Ukiwa umeshuka, hukanyagi uwanja mpaka alama zako zipande tena.

"Sasa sikiliza, dogo," nikamwambia. "Leo ukikaa pale, usiwe mwerevu."

Akasimamisha kijiko cha uji. "Nifanye nini?"

"Feli. Feli kidogo. Ukiweka alama za juu leo, siku ukiguswa na upepo tu watakuona umeshuka. Utakaa nje wiki tatu, na mwenzako atachukua nafasi yako, na hutaiona tena."

"Mama akisikia nimefeli mtihani kwa makusudi atanipasua kama kambare."

"Mama yako atasikia kwa nani?"

"Nifeli kiasi gani sasa?"

"Usifeli kama mjinga, kompyuta itashtuka. Feli kama mtu mwenye usingizi. Maneno kumi na mawili, wewe kumbuka saba."

Meza nzima ilikuwa inaitikia kwa kichwa. Sote tulikuwa tunafeli kila Agosti, na tulijivunia kama watu wanaojua njia ya mkato. Jubal alitoka kwenye chumba kile cha maktaba amekunja uso. Alisema ilimuuma kuacha maneno matano aliyoyajua, akanitajia yote kumi na mawili kwenye ngazi, ya mbele kwenda nyuma, kisha ya nyuma kuja mbele. Nikamwambia anyamaze, Bwana Pruitt, mtabibu wa timu, alikuwa anapita.

Mechi ya tatu mtu wetu wa kushoto alivunjika goti, na Jubal akaingia. Alikuwa mzuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Alikuwa na miguu ya mcheza dansi chini ya tumbo la mwokaji, na alimwongelesha mpinzani wake mechi nzima, anamuuliza habari za kwao, anampa pole akimwangusha. Waamuzi wawili walimwomba anyamaze.

Aligongwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, nyumbani, kipindi cha tatu, tukiwa nyuma kwa alama tatu. Hakikuwa kitu cha kusimulia. Alikuwa ameshamwangusha mtu wake, akainama kutafuta mwingine, na goti la mwenzetu aliyekuwa anakimbia na mpira likampata pembeni ya helmeti. Watu walikuwa wanautazama mpira, ambao ulikuwa mbali. Hakuna aliyepiga hata mluzi. Jubal akainuka mwenyewe, akatembea, akasimama kwenye mstari akinitazama usoni. Alikuwa amesimama upande wa wapinzani.

Nikamvuta kwa fulana. "Huku, dogo."

"Nakuja."

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Kaka, tunacheza na nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kunyoosha mkono. Ni jambo dogo, unanyoosha mkono juu, mwamuzi anasimamisha saa, Bwana Pruitt anakuja mbio na mkoba wake. Nilikuwa na sekunde kumi na tano na mkono wenyewe ulikuwa mzima. Lakini wa akiba wake pale benchi alikuwa kijana asiyeijua kazi kabisa, na mbele yetu kulikuwa na timu iliyotufunga miaka mitano mfululizo, na kwenye mstari wetu kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: humtoi mwenzako. Akitaka kutoka atatoka mwenyewe. Nikaangalia macho yake, nikaona hayuko, nikafanya hesabu yangu.

Kwetu ni mtoa mpira anayewasoma wapinzani na kuwapigia wenzake kelele, nani amshike nani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kunisikia. "Jubal, huyu! Aliye juu yako!" Halafu: "Jubal, kulia, kwangu!" Alipokuwa hajui kulia, nilimpiga paja kwa mkono wangu wa kushoto kabla ya kuutoa mpira: mara moja, njoo kwangu, mara mbili, nenda nje. Mwili wake ulijua kazi. Ulikuwa unahitaji kuambiwa tu. Nilimwendesha hivyo mpaka mwisho, na tukashinda kwa alama moja, na mrusha mpira wetu akabebwa mabegani.

Jumapili tulipoangalia mechi kwenye kioo, Kocha Haskell alimpa Jubal alama za juu kuliko sisi wote. Kosa moja tu katika mechi nzima. "Angalieni huyu," alisema. "Hatazami huku wala kule. Anasubiri, anakwenda. Huyu ndiye mtu wa mstari." Mimi nilivimba kichwa kana kwamba nimemzaa mimi.

Jumatatu Bwana Pruitt alisikia kwamba kijana alitapika kwenye basi la chuo, akamwita akampima kwa kompyuta ileile. Nilimsubiri nje ya mlango. Bwana Pruitt akatoka na karatasi mbili, ya Agosti na ya siku ile, akaziweka sambamba.

"Maneno saba Agosti, maneno saba leo," akasema. "Hana kitu huyu. Labda alikula vibaya."

Nilicheka. Naomba msomaji alielewe hilo, kwamba nilicheka kwa furaha, nikampeleka Jubal kula mbavu za nguruwe na mkate wa mahindi. Nilimwambia, "Umeona? Saba kwa saba. Umefeli vizuri." Alitabasamu. Ilinichukua miaka kujiuliza swali ambalo hata mlevi angejiuliza pale pale: mara ya kwanza alikumbuka saba kwa kujizuia. Mara ya pili alikuwa anajizuia?

Baada ya hapo alinyamaza. Haikuwa ghafla. Wiki moja aliacha kumwiga mchungaji, wiki nyingine aliacha kuwaongelesha wapinzani. Mezani alikula, akamaliza, akakaa anatazama sahani. Sisi tulimtania. "Redio imeisha betri," wakasema. Kocha Haskell alifurahi sana, akaniambia kazi nzuri, hatimaye nimemziba mdomo. Mimi nilisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ngojeni mwakani. Wote tulikubaliana kwamba Jubal amekomaa.

Na nilimpenda zaidi hivyo, nitalisema wazi. Mwanzoni alinichosha. Huyu mpya alikaa nami kibarazani jioni nzima bila neno, na nilidhani ndio urafiki wa wanaume wazito, kwamba hatuhitaji maneno. Nilimwandikia ratiba yake ya masomo kwenye kiganja. Nilimwamsha. Nilimkumbusha kuoga. Akipotea njia ya kwenda darasani, mtu wa mstari mwingine alimrudisha, na hatukuzungumza juu ya jambo hilo, kama vile familia isivyozungumzia mjomba anayekunywa. Uwanjani niliendelea kumpiga paja. Misimu miwili nilimpiga paja, na katika misimu hiyo aligongwa tena mara tatu ninazozijua, na kila mara karatasi zilisema saba kwa saba, sita kwa saba, hana kitu.

Bi Verna alikuwa akinipigia simu mimi, kwa sababu Jubal alikuwa ameacha kumpigia.

"Ennis, mwanangu, huyu mwenzako ananificha nini? Nikimpigia anasema ndiyo, mama, ndiyo, mama. Jubal wangu hajawahi kusema ndiyo akaishia hapo."

"Masomo tu, Bi Verna. Yanamchosha."

"Hana msichana?"

"Hana, mama."

"Basi njoo naye Sikukuu ya Shukrani. Nitawapikia mpaka mshindwe kusimama."

Nilikwenda, miaka yote miwili. Nilikula bata mzinga wake na majani yake ya haradali, nikamwambia uongo mezani pake nikiwa na mkate wake mdomoni.

Nilimaliza chuo. Hakuna timu ya kulipwa iliyonitaka, nikapata kazi ya kufundisha mstari kwenye shule ya sekondari ya mji wetu. Mtoa mpira aliyechukua nafasi yangu alikuwa kijana mzuri kutoka Alabama. Nilimwambia habari za paja. Alidhani ninatania.

Mechi ya pili ya msimu ule niliitazama kwa mama yangu, kwenye televisheni. Mpira ukatoka. Watu wanne wa mstari wakaruka kwenye kazi zao. Jubal alibaki ameinama, mkono wake chini, kichwa kimeinuka kidogo, anasubiri. Alikuwa ananisubiri mimi. Mtu wa upande wa pili alimjia akiwa na yadi tatu za kukimbia, akampitia kama mlango ulioachwa wazi. Mtangazaji akasema namba sitini na sita amelala usingizi. Hakucheza tena baada ya siku hiyo, na chuo chenyewe hakukimaliza.

Miaka saba ikapita. Nilimtembelea mara chache, kisha mara moja kwa mwaka, kisha nikawa natuma salamu. Alikuwa anaishi kwa mama yake, mapazia yamefungwa kwa sababu ya mwanga. Alisahau jiko likiwaka. Siku nyingine alipiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba, halafu akamuuliza mama yake nani amempiga.

Ndipo chuo kikaanzisha mpango wa matibabu kwa wachezaji wake wa zamani walioumia uwanjani: miezi sita kwenye kliniki ya ubongo huko Memphis, na daktari wa kumfuatilia mtu maisha yake yote. Bi Verna akaomba. Wakamjibu kwa barua. Akanisomea kwenye simu, polepole, neno kwa neno, maana hakuiamini sauti yake mwenyewe. Walisema wamelinganisha mtihani wake wa kwanza na wa mwisho, na tofauti ni ndogo mno. Walisema hali aliyo nayo ni ile aliyokuja nayo chuoni.

"Wanasema alikuja hivi, Ennis. Kuna kikao cha rufaa Alhamisi. Wewe uliishi naye. Njoo uwaambie alikuwaje."

"Nitakuja, Bi Verna."

Nilikuwa na siku nne za kumwambia ukweli kabla ya kikao. Mficha uchi hazai, na mimi nilijua methali hiyo tangu utotoni. Nilipiga namba yake mara mbili nikakata kabla haijaita.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mkutano chenye zulia, saa nne asubuhi. Watu watatu upande wao: mwanasheria wa chuo aliyeitwa Bwana Crandall, daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi aliyeitwa Weems, na mtu wa ofisi ya michezo ambaye kazi yake ilikuwa kumimina maji. Upande wetu, Bi Verna na kofia yake ya kanisani, Jubal na miwani myeusi na tai aliyofungwa na mama yake, na mimi. Jubal alinipa mkono vizuri. Alisema, "Habari yako, bwana." Nilidhani ananitania.

Nikawaambia. Niliwaambia kwamba mtihani wa Agosti ni wa uongo, kwamba mimi ndiye niliyemwambia asiwe mwerevu, kwamba alikumbuka maneno yote kumi na mawili akanitajia kwenye ngazi mbele na nyuma. Niliwaambia habari za paja. Sikumtazama Bi Verna. Nilisikia bangili zake zikigonga meza mara moja.

"Nani alikufundisha wewe?" Bwana Crandall akauliza.

"Aliyenitangulia."

"Na yeye?"

"Aliyemtangulia yeye. Makocha hawakuuliza kitu, kwa hiyo hatukuwahi kuwaambia uongo."

Bwana Crandall hakuwa mtu mbaya. Alitoa karatasi akaisukuma kwangu taratibu, kana kwamba inaweza kuniunguza. Ilikuwa na sahihi ya Jubal, ya mviringo, nzuri, ya mtoto aliyefundishwa mwandiko na mama. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja: nathibitisha nimejitahidi kadiri ya uwezo wangu wote. Kila mchezaji aliiwekea sahihi karatasi hiyo. Mimi niliiwekea mara nne bila kuisoma.

"Bwana Tolliver, unathibitisha kwamba aliweka sahihi hii akijua si kweli?"

Nikaona mlango unavyofungwa. Nikitaka kuthibitisha alikuwa mzima, lazima nithibitishe alidanganya, na mpango wao, alisema kwa sauti ya chini, unamwondoa mtu yeyote aliyetoa taarifa za uongo kwenye vipimo. Kama ningekaa kwangu, wangeendelea kusema alikuja hivyo. Nimekuja, sasa watasema alijitakia.

"Alikuwa na miaka kumi na minane," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Nimesikia. Nakuuliza kama alijua."

"Alijua."

Akaandika. Daktari Weems ndiye aliyeweka kalamu chini. Nadhani alikuwa anatafuta tundu lolote la kupitia.

"Tuache karatasi," akasema. "Uliishi naye. Kabla hajagongwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifungua mdomo, nikiwa na hadithi mia. Jubal kwenye kibaraza. Jubal anabeba mizigo ya mama yangu bila neno. Jubal anakaa na mimi siku babu yangu alipofariki, saa sita mfululizo, mkono wake mgongoni mwangu. Moja baada ya nyingine nikaziangalia, na zote zilikuwa baada ya Oktoba. Kabla ya Oktoba kulikuwa na wiki tisa tu. Wiki tisa, na nyingi kati ya hizo nilikuwa namwambia anyamaze.

"Alikuwa anaongea sana," nikasema.

"Na baadaye?"

"Aliacha."

"Mlipoona ameacha mlifikiri nini?"

"Tulifikiri amekomaa."

Hakuandika hilo. Bwana Crandall akamshukuru kila mtu, akasema majibu rasmi yatatumwa kwa barua, lakini asingependa kuwapa matumaini. Jubal alisimama aliposimama mama yake.

Niliwafuata mpaka kwenye maegesho. Jua la Mississippi lilikuwa kali na Bi Verna alimwingiza mwanawe garini kwanza, akamfunga mkanda, akamshushia kizuia jua. Kisha akafunga mlango, akaja niliposimama mimi. Hakupaza sauti.

"Ile barua yao," akasema, "mimi niliiamini."

"Bi Verna."

"Subiri nimalize. Niliiamini. Nilikaa jikoni nikasema Verna, umejidanganya, kila mama huona mwanawe ni mwerevu, kumbe mtoto alikuwa hivi tangu mwanzo na wewe hukuona. Nikaanza kuyatilia shaka yale matangazo aliyokuwa anatusomea bila karatasi. Nikawa nauliza watu kanisani kama kweli alikuwa anafanya hivyo au nimeota."

"Alikuwa anafanya. Nilimsikia."

"Najua. Leo umenirudishia hilo." Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa miaka ya kisu cha kiwandani. "Mwanangu alikuwa mwerevu. Alikuwa mwerevu, na wewe ukamwambia asiwe, naye akakusikiliza. Mimi hajawahi kunisikiliza hivyo."

Mimi pia nilifeli kwa makusudi mara nne, na sijui hata leo nilichopoteza ni kiasi gani, lakini hapo hapakuwa mahali pa kusema habari zangu.

"Usije tena Sikukuu ya Shukrani," akasema. "Sikuchukii. Sitaki tu uketi kwenye kile kiti."

Akaingia garini, akawasha, akarudi nyuma kwa uangalifu. Walipopita mbele yangu Jubal alinipungia mkono kupitia dirisha. Nilimpungia. Walipofika getini kulikuwa na mfanyakazi wa chuo anafagia majani, mtu ambaye Jubal hajawahi kumwona maishani, na Jubal alimpungia naye, vilevile.